Ile Nyama Ilikuwa ya Nani

Waliponiambia nina kansa, mapasa wangu walikuwa wamelala juu ya miguu yangu, mmoja huku, mwingine kule, matumbo yamejaa. Nilikuwa nimetoka kuwanyonyesha wote kwa pamoja pale kwenye baraza ya hospitali, kichwa kimoja chini ya kila kwapa, kama mama wa mapasa anavyojifunza kwa lazima. Dokteri alikuwa na karatasi mbele yake. Hakuniangalia mimi, aliwaangalia watoto. Akasema titi likome leo. Nikamuuliza leo kwa namna gani, watoto hawajajua hata kutafuna. Akasema leo, Mama Mapasa, leo.

Naandika haya nikiwa na hasira. Kuna wanaonishauri ningoje ipoe. Ikipoa sitaandika kitu, nitakaa nifue nguo kama wengine wote waliofanyiwa mambo wakanyamaza.

Lazima kwanza nieleze lile jina, maana kila kitu kilianzia hapo. Kwetu Kalemie, mji wa kando ya ziwa, ukizaa mapasa, yaani mapacha, jina ulilopewa na baba yako linakwenda kupumzika. Kuanzia siku ile wewe njo Mama Mapasa, na bwana yako njo Papa Mapasa. Bwana yangu anafanya kazi kwenye treni, na hata mkubwa wake wa biro, yaani wa ofisi, mtu asiyejua kusalimia, akimuona anasema Papa Mapasa. Wanaokuja kuona watoto wanakuja na vitu viwili viwili, sabuni mbili, kofia mbili, na wanakuimbia nyimbo za matusi mpaka ucheke, maana mama wa mapasa anatukanwa kwa heshima. Kumwita kwa jina lake tupu, kama unavyomwita mtoto wa jirani, ni kumvua nguo njiani. Wazee wanasema mapasa wenyewe wanakasirika, na mama anashikwa na baridi mwilini hata jua likiwaka. Mimi nilimaliza sekondari, diploma yangu iko kwenye sanduku chini ya nguo, na niliipenda desturi hii na bado naipenda. Siilaumu. Desturi haikusomea kazi ya labo, kazi ya maabara.

Uvimbe ulinitokea kwenye titi la kushoto. Mama mkwe alisema ni maziwa yameganda, akanikanda na kitambaa cha maji ya moto mpaka ngozi ikawa nyekundu. Uvimbe haukusikia moto. Ulikaa pale kama yai la njiwa, ukiuminya unateleza. Nikaenda hospitali.

Asubuhi ile wanawake walikuwa wengi kwenye benchi, na katikati yao mama mmoja mtu mzima, mrefu, mwenye kicheko cha kusikika mpaka barabarani. Alikuwa ametoka kijiji kimoja juu ya Kirungu, ameshuka mlima hadi Moba, akapanda boti kuja kwa mdogo wake hapa Kalemie. Yeye uvimbe wake ulikuwa mgumu na haukumuuma. Alisema ungekuwa na adabu ya kuuma angekuja mapema. Aliponiona nimebeba wawili aliniuliza nani amenikopesha mmoja. Nikamwambia wote wangu. Basi akawasukuma watu wote wa benchi kwa makalio yake ili nipate mahali.

"Mudogo wangu," akasema, "mimi wangu wana ndevu sasa, na wangali wanagombania sahani. Utateseka mpaka uzeeke. Pole sana, na hongera."

Halafu mlango ukafunguliwa na muuguzi akaita: Mama Mapasa aingie. Tukasimama wote wawili. Benchi zima likacheka. Yule mama wa Kirungu akanishika mkono, akamwambia muuguzi achague, anataka Mama Mapasa mwenye nyama au mwenye mifupa. Muuguzi naye akacheka, akasema wakubwa kwanza.

Muuguzi yule ni msichana wa adabu. Nilimuona akiosha mikono vizuri, nilimuona akinifunika kifua ili wapita njia wasinitazame. Dokteri akanitoa kipande kidogo cha nyama kwa sindano nene, kikaingia kwenye kichupa chenye dawa ya kuzuia nyama isioze, ile yenye harufu ya kuchoma pua. Hospitali yetu haina mtu wa kusoma nyama ya namna hiyo. Vichupa vinawekwa ndani ya katoni, vinapanda ndege hadi Lubumbashi, kwenye labo yenye darubini na wataalamu, na majibu yanarudi baada ya majuma mengi. Nikiwa bado nimelala nilisikia sparadra, ile plasta ya kunata, ikichanwa na kubandikwa kwenye kichupa. Sikuona kilichoandikwa juu yake. Mgonjwa akiwa amelala uchi hasomi sparadra. Kuna watu wamesomea kuisoma.

Majibu yetu yalifika pamoja. Yeye aliingia kwanza, wakubwa kwanza, akatoka anacheza. Kweli anacheza, mikono juu, visigino vinapiga simiti. Haiko kitu, akatangazia benchi, ni uvimbe wa bure tu. Kisha nikaingia mimi, nikatoka nikiwa nimeambiwa niliyoyasema pale juu. Aliponiona uso aliacha kucheza. Alifungua kitenge alichokuwa amejifunga begani, kipya, cha maua ya njano, akakitia meno kwenye pindo, akakichana katikati kutoka mwanzo hadi mwisho. Akamfunika mtoto mmoja kwa kipande hiki na mwingine kwa kile. Alisema mapasa hawapewi kitu kimoja. Akakaa nami mpaka bwana yangu alipofika na pikipiki. Halafu akaenda zake bandarini kutafuta boti ya Moba, akiwa mzima, kwa maneno ya karatasi.

Juu ya kuachisha titi sitasema mengi. Nitasema kidogo, ili mtu wa labo akisoma ajue alichokifanya kilifika wapi. Mama mkwe alisaga pilipili akanipaka. Mkubwa wa mapasa alionja mara moja, akanitazama kama mtu aliyeibiwa na ndugu yake, hakurudi tena. Mdogo hakuelewa. Alikuwa anakuja, anaungua midomo, analia, halafu anarudi tena, kwa sababu kwake hapakuwa na mahali pengine pa kwenda kulilia isipokuwa palepale panapomuunguza. Maziwa yalikuwa yanatoka yenyewe nikisikia sauti yake. Nilijifunga kifua kwa vile vipande viwili vya kitenge cha maua ya njano, nikavikaza mpaka kupumua kukawa kazi. Vilikuwa vinalowa, navikamua, najifunga tena. Mwisho maziwa yakakauka. Watoto wakakonda kwa uji, wakaharisha, wakakonda tena. Na mimi, mjinga, kila asubuhi nilikuwa namshukuru Mungu kwa ajili ya watu wa labo walioona ugonjwa mapema.

Ilibidi niende Lubumbashi kukatwa. Nilisindikizwa na dada mkubwa wa bwana yangu, mwanamke wa maombi, ambaye alifunga kula tangu tulipoondoka na akataka kila mtu kwenye ndege ajue amefunga. Daktari wa kukata alikuwa papa mmoja mfupi wa maneno machache. Alisoma karatasi yangu. Akanipapasa titi muda mrefu, akarudia kusoma karatasi. Nikaona uso wake haupendi kitu fulani.

"Mama," akasema, "mimi sikati titi la muntu kwa karatasi peke yake. Nitatoa kipande changu, kitasomwa na labo ingine."

Akasema pia ataomba ile labo ya kwanza impelekee kioo chenye nyama ya kwanza, kile kinachowekwa chini ya darubini, ili macho mengine yakisome upya. Dada mkubwa wa bwana yangu alikasirika, akauliza nje kwa sauti kama papa huyu anacheza na maisha ya watu. Na mimi nilikasirika. Nilitaka wanikate nirudi kwa watoto. Kisha alipotoa kipande chake akaanza tena kunichelewesha: jina langu lote, jina la baba yangu, nilizaliwa wapi na lini, titi la upande gani. Akaandika yote kwenye kichupa chenyewe, mbele ya macho yangu, akanipa nisome kwa sauti. Nilisoma nikiwa nimekunja uso. Nilimuona ni mzee anayependa kupoteza saa za watu.

Majibu yalipotoka alituita wote wawili. Akasema haiko kansa. Ni uvimbe unaokuja kwa mama anayenyonyesha, mara nyingi unaisha wenyewe. Dada mkubwa wa bwana yangu alipiga magoti palepale kwenye vigae akaanza kuimba. Mimi nilimuuliza daktari kama basi wale wa kwanza walisoma vibaya. Akasema hapana. Kioo chao kimesomwa upya na watu wawili, kila mtu peke yake, na ile ni kansa, haina mjadala.

"Basi?" nikasema.

Alivua miwani yake. "Basi ile haikuwa nyama yako, mama."

Nyama haidondoki kutoka mbinguni. Ilikatwa kwenye titi la mtu anayepumua, na mtu yule alipewa karatasi ya nani? Sikuhitaji kufikiri sana. Niliona kitenge kikichanwa kwa meno. Dada mkubwa wa bwana yangu alikuwa bado anaimba chini, nami nilisimama nimepewa maisha yangu, nikijua yametolewa mkononi mwa nani.

Nilimpigia simu bwana yangu siku ileile aende hospitali aseme. Alikwenda. Wakamwambia dokteri yuko kwenye mkutano. Akarudi tena, wakamwambia angoje karatasi ifike. Kumbe dada yake naye alikuwa amepiga simu zake, na zile zilipokelewa vizuri zaidi. Ndege ilipotua Kalemie mimi nilikuwa nimeshaponywa midomoni mwa mji mzima. Mwenye pikipiki aliyenibeba kuvuka mto Lukuga aliniuliza kama ni mimi yule mama wa muujiza.

Jumapili kanisani wakaniita mbele nitoe ushuhuda. Kwaya ilikuwa imevaa sare, mpiga kinanda alikuwa ananisindikiza kwa sauti tamu ya chinichini. Nilishika kipaza sauti. Nikasema nashukuru sina kansa, lakini sikuwa nayo tangu mwanzo. Nikasema kuna kipande cha nyama chenye kansa kilichosomwa kwa jina langu.

"Naomba kanisa liniambie," nikasema. "Ile nyama ilikuwa ya nani?"

Mpiga kinanda aliinua vidole. Mchungaji alikuja akanitoa kipaza sauti mkononi kwa upole, akawaambia watu dada yetu bado ana uchovu wa safari. Nje mama mmoja wa kwaya alinifuata akaniuliza kwa nini nagombana na Mungu juu ya zawadi. Nikamwambia Mungu hakuandika sparadra. Alinitazama akaondoka. Nadhani mpaka leo anasema nina roho ya kiburi. Na awe huru kusema.

Kesho yake nilikwenda kwa dokteri wetu na watoto wote wawili. Si mtu mbaya. Ni mtu aliyechoka, na mtu aliyechoka anapenda muujiza, kwa sababu muujiza hauulizi nani alikuwa kazini. Aliniambia Mungu amefanya, Mama Mapasa, sasa tunachimba nini tena. Nikamuuliza kama Mungu ameitoa kansa kwangu, ameiweka wapi. Akasema watafuatilia. Nikamwambia vizuri, nitangoja hapa. Nikatandika kitenge chini kwenye biro yake, nikawatoa watoto mgongoni, nikafungua chupa ya uji. Mkubwa alitambaa mpaka kwenye viatu vya dokteri. Mdogo akamwaga uji juu ya mafaili. Sikufuta. Wagonjwa waliokuwa mlangoni walianza kuuliza kuna nini, na mimi nikawa nawaeleza, kila mmoja, tangu mwanzo. Mwisho dokteri alifunga mlango, akachukua simu, akapiga Lubumbashi, akaweka sauti ya nje ili nisikie.

Mkubwa wa ile labo alianza kwa Kifaransa kizuri. Dokteri akamwambia mgonjwa mwenyewe yuko hapa, yule akaingia Kiswahili. Alieleza bila kuharakisha, kama mtu anayeeleza kwa nini mvua haikunyesha. Katoni ilifika. Vichupa viwili vya titi vilikuwa ndani, vyote vimeandikwa Mama Mapasa na hakuna kingine. Majina kamili yalikuwa kwenye karatasi zilizofungwa kwenye vichupa kwa elastiki. Elastiki zilikuwa zimekatika njiani, labda kwa joto, na karatasi zilikuwa zimelala chini ya katoni.

Dokteri aliuliza, polepole, "Mukafanya nini?"

"Tulivipanga," sauti ikasema. "Kila karatasi na kichupa kilichokuwa karibu nayo."

Karibu nayo! Nilimtazama dokteri, naye akatazama mafaili yake yenye uji. Ndiye aliyesema kanuni, si mimi, mimi singeijua. Alisema kichupa kisicho na jina kamili hakisomwi. Kinakataliwa, mgonjwa anaitwa, anatolewa kipande kingine. Sauti ikajibu kwamba wangevirudisha sisi wa Kalemie tungelalamika wanachelewesha. Kisha ikanisemesha mimi: mama, pole, hili ni kosa la kibinadamu.

"Papa," nikasema, "kosa la kibinadamu ni kuangusha kichupa. Hili mulilichagua."

Akasema mtandao una shida, hanisikii vizuri. Simu ikakatika.

Wakamwita muuguzi. Wakamweleza yote. Alilia bila sauti, machozi yanaingia kwenye kola ya koti lake. Dokteri akamuuliza ilikuwaje aandike vile, tena kwa watu wawili wa siku moja.

"Ningeandikaje jina tupu la Mama Mapasa?" akasema. "Wote wawili? Na watoto wanaangalia?"

Nilikuwa nimeandaa maneno ya kumchoma na sikuyapata. Aliniheshimu. Aliniheshimu vilevile alivyomheshimu mwenzangu, sawasawa, kama unavyogawa biskuti kwa mapasa, mpaka hakuna aliyeweza kututenganisha. Hasira yangu ikampita ikaenda kwa wale waliomfundisha kuchoma sindano, kupima homa, kutandika kitanda, na kwa miaka yote hakuna hata mmoja aliyesimama kumwambia: binti, kichupa hakina uso. Hakioni haya. Kiandike jina tupu.

Kwa yule mama wa Kirungu dokteri alisema watatuma ujumbe kwa njia ya kawaida, kwa kituo cha afya cha kule. Njia ya kawaida naijua. Niliwaacha watoto kwa mama mkwe, walikuwa hawahitaji tena titi langu, nikapanda boti ya Moba.

Kutoka Moba pikipiki ilinipandisha Kirungu, na kutoka Kirungu nilitembea kwa njia za miguu, mlima baada ya mlima, nikiuliza kwa kila mtu Mama Mapasa anakaa wapi, wananiuliza yupi. Nikasema yule anayecheka. Hapo walijua. Nilimkuta anaanika maharagi kwenye mkeka. Aliniona kutoka mbali, akaweka mikono kiunoni.

"Mwenye mifupa," akasema, "umetoka Kalemie kuja kuniibia maharagi?"

Alinikumbatia, na kwenye kukumbatiana nilimsikia akijirudisha nyuma upande wa kulia. Ndipo nilipomwambia. Nilimwambia yote bila kupumzika, kichupa, elastiki, karatasi iliyolala karibu, kwa sababu nilijua nikipumzika sitaweza tena. Alifungua kifua akanionyesha. Ngozi ilikuwa imevutwa ndani kama nguo iliyoshonwa vibaya. Mkwe wake, aliyekuwa amesimama na ungo, alisema alimbembeleza mara nyingi arudi Kalemie, naye alikuwa anakataa, anajibu kwamba hospitali imesema haiko kitu, karatasi iko ndani, mkasome. Alikuwa anaweka majani ya moto. Alikuwa ameita watu wakala kuku wa shukrani.

Alikaa chini, akaendelea kusambaza maharagi kwa kiganja, yaliyokwisha kusambazwa.

"Kumbe wewe ulilia kilio changu," akasema, "na mimi nilicheza ngoma yako."

Halafu akaniuliza kama watoto waliachishwa titi. Nikasema ndiyo. Akauliza kwa kitu gani, kwa pilipili? Nikasema ndiyo. Pale ndipo alipokasirika. Juu ya mwili wake hakuwa amesema kitu, lakini juu ya midomo ya mapasa wangu alisimama akatukana. Alitukana kwa matusi ya nyimbo za mapasa, yaleyale tunayochekea, kila kiungo cha mwili na mahali pake, akayatuma Lubumbashi moja baada ya jingine. Mkwe wake aliweka ungo chini. Hakuna aliyecheka. Nilijiunga naye. Sijawahi kuimba nyimbo zile vizuri namna ile.

Tulishuka kesho yake na wanawe wote wawili wenye ndevu, mmoja amebeba begi, mwingine amebeba mfuko wa maharagi aliokataa kuuacha.

Nitaandika kwanza yaliyofuata, kisha nirudi nyuma kwenye siku moja, kwa sababu siku hiyo ndiyo ninayoitaka iwe ya mwisho. Majibu mapya yalisema kansa, vilevile kama yale yaliyokuwa yangu. Daktari yule mfupi wa Lubumbashi alimkata. Ilikuwa imefika kwapani. Nilimuuliza kwa simu, ingekuwa alikuja kwa wakati wake, ingekuwa imefika kwapani? Akasema labda isingefika. Ninaishi na hiyo labda kama unavyoishi na jirani mwenye kelele. Sasa anatiwa dawa kwenye mshipa, nywele zimekwenda, anafunga kilemba. Anacheka bado, ila kicheko hakifiki barabarani. Kutoka kwa ile labo hajaja mtu, haijaja barua, si kwangu, si Kirungu. Hapa hospitalini waliniambia nifurahi, kuna kanuni mpya imebandikwa ukutani kwenye chumba cha vichupa. Nilikwenda kuisoma. Ni ileile ya zamani, aliyonisomea dokteri kwa mdomo. Wameichapa upya tu kwenye karatasi safi.

Sasa ile siku. Tulikuwa tumefika tu kutoka bandarini. Kipande kipya kilikuwa kimeshatolewa, kiko ndani ya dawa, na muuguzi yuleyule ameshika kalamu. Mimi nilisimama mlangoni nikakataa kutoka. Muuguzi akasema, bila kuinua macho, "Mama, naomba jina."

Mama wa Kirungu alinitazama. Akawatazama wanawe, nao wakageuka kuangalia ukuta, watu wazima wale, kama watoto waliomkuta mama yao bafuni. Tangu alipowazaa hakuna aliyelitamka jina lile mbele yao. Alilisema chini chini. Lilikuwa fupi, jina la msichana. Sitaliandika hapa, ni lake. Muuguzi akaliandika kwenye mwili wa kichupa, si kwenye kifuniko. Akaandika la baba yake. Mwaka wa kuzaliwa tuliutoa kwenye kadi ya kura. Titi la kulia. Nikachukua kichupa, nikakiinua kwenye mwanga wa dirisha, nikasoma neno kwa neno, kwa sauti, yule mwanamke mzima mwenye wajukuu akiwa amekaa mbele yangu ameitwa kama mtoto.

"Ni wewe?" nikamuuliza.

"Ni mimi."

Mikono yake ilikuwa inatafuta kitenge cha kujifunika. Nilimpa vile vipande viwili vya maua ya njano, nilikuwa nimevifua, nikamweka kimoja kila bega.

"Haya, muniite Mama Mapasa upesi," akasema, "baridi imeanza."

Nikamwita. Muuguzi akamwita. Wanawe nao, wakiwa bado wameelekea ukutani.